Kadi ya Tela la Baba

Mnunuzi alitoka Chekereni asubuhi na mapema na trekta lake, fedha akiwa amezifunga kwenye mfuko wa rambo. Ilikuwa Julai 2016. Tulikuwa tumekubaliana milioni 4. Alitaka aliunganishe tela pale pale, chini ya mwarobaini wetu hapa Mabogini, aondoke nalo kwenda kubeba mpunga.

"Dada, nipe kadi tu," akasema. "Mambo ya kubadilisha jina nitayamaliza mwenyewe baadaye."

Nikakataa. Baba yangu mdogo aliuza pikipiki kwa mtindo huo huo, akakabidhi kadi na kupeana mkono. Miezi kadhaa baadaye akaitwa polisi kwa ajali ya mtu asiyemjua hata sura, kwa kuwa jina lililosomeka lilikuwa lake. Hilo la kwetu lilikuwa zito zaidi: kadi ilikuwa na jina la marehemu Baba, na ubavuni mwa bodi alikuwa amechoresha jina lake na S.L.P. yake kwa rangi nyeupe.

Mirathi tulishaimaliza. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imenipa fomu namba 4, ile ya kuniteua msimamizi wa mirathi, baada ya kikao cha ukoo. Hata hivyo nilimwita kaka yangu, na shangazi akateremka kutoka Kibosho, wote wawili wasaini kama mashahidi. Sikutaka mtu aseme kesho kwamba niliuza mali ya Baba kimya kimya.

Mjini Moshi wakili akatuandalia mkataba wa mauziano. Ulikuwa umepigwa chapa vizuri, mihuri tayari, kila mtu ameshika kalamu. Mimi nikaomba kwanza niilinganishe namba ya chasisi na kile nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimelala chali chini ya tela na kipande cha msasa, nikikwangua kutu mpaka namba ikajitokeza, nikiisoma kwa tochi ya simu, tarakimu moja baada ya nyingine. Kadi na chuma vilikubaliana. Mkataba ulikuwa na 3 mahali palipotakiwa kuwa na 8.

Tarakimu moja tu. Tungesaini, mnunuzi angekuwa na karatasi ya tela ambalo halipo duniani, na la kwetu lingebaki la Baba. Karani akachapa upya ukurasa wote. Shangazi, ambaye alikuwa ameanza kulalamika kwamba basi la mwisho la Kibosho litamwacha, akanyamaza.

Ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, ambako umiliki huhamishwa, tukaikuta ina foleni ndefu. Mnunuzi hakuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa hiyo siku ya kwanza ikaishia kwenye alama za vidole vyake. Siku ya pili tukalipa: ada ya kuhamisha umiliki 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, yaani 40,000. Alilipa yeye, ila nakala za risiti niliomba na mimi. Mnunuzi hakunung'unika hata mara moja, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, maana mpunga wake ulikuwa unamsubiri shambani.

Fedha za tela hazikupita mkononi mwangu. Alizipeleka benki, kwenye akaunti ya mirathi, nami nikamwandikia hati ya kupokea.

Kadi mpya ilipotoka, ile ya zamani ilibaki mezani kwa afisa. Nilimwomba dakika moja niishike. Jina la Baba lilikuwa limeandikwa kamili, majina yote matatu.

Jumamosi mnunuzi alirudi Mabogini na fundi rangi mwenye kopo na brashi. Alikuwa na haki ya kufanya kazi hiyo kwake, lakini alisema ameona afadhali ifanyike hapa, mbele yetu. Shangazi akatolewa kiti. Fundi akaanza na S.L.P., jina akaliacha mwisho.