Jinsi nilivyorudisha judo na bahari kwenye wiki yangu
Naandika programu kwa kampuni ya New York. Kwao saa tatu asubuhi, huku Mombasa ni saa kumi au kumi na moja jioni, wakati wa judo. Niliomba vikao vyote viwe Jumatatu na Jumatano, wakakubali siku ileile. Nikarudi mkekani.

Kuogelea ndiko kulikonitesa. Nilijipangia saa kumi na mbili asubuhi kila siku; nikifika Nyali, mara nyingi maji yamekupwa, mwani mtupu. Kumbe maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku! Sasa kila mwezi nanakili jedwali la maji kwenye kalenda ya simu, kando ya vikao. Yakijaa alfajiri naogelea. Yakipwa, nakimbia mchangani, ule mgumu wenye unyevu.