Mpaka kiwake ndo nasikia

Jumapili usiku, niko darini, wageni washalala, na nataka niandike hili sasa hivi kabla halijapoa manake nikilala nalo kesho simu italia asubuhi na litapotea kama yalivopotea mengine.

Mimi nasimamia gesti hapa Lamu, nyumba ya kale ya mawe, vyumba sita, huu ni mwaka wangu wa saba. Na miaka yote hiyo ungeniuliza sifa yangu kazini ningekwambia mimi ni mwepesi. Mgeni akiita nshafika, bosi akituma mesej saa tano usiku nshajibu, boti ikikwama Mokowe, gati la ng'ambo kule bara, nshampata nahodha mwengine. Watu walikuwa wananisifu kwa hilo na moyo ulikuwa unajaa kweli. Nilikuwa sijajiuliza mbona kila siku ya Mungu kuna jambo la kukimbilia.

Lilianza na pampu. Ilikuwa inalia tangu mfungo uishe, kamlio kembamba kila ukiiwasha, na dada anofanya usafi alinambia mara mbili, "dada, ile pampu haiko sawa," mimi nikamjibu bora maji yanapanda. Mwezi ulopita ikanyamaza. Ijumaa mchana, vyumba vinne vina watu na kwa msimu wa kusi hiyo ni neema kubwa, kuna familia ina mtoto mchanga, tangi la juu halina hata tone. Kwa asojua Lamu nimweleze kidogo, maji yetu yanatoka visima vya kule kwenye vilima vya mchanga vya Shela, yakifika nyumbani yanaingia birika la chini, na kuyapandisha mpaka orofa ya juu ni pampu. Na mjini hapa gari haziingii. Kifaa kisipokuwepo madukani kinatoka Mombasa kwa basi, kinashinda njiani mpaka Mokowe, pale kinaingia boti, kinashushwa gatini, halafu ni hamali ama punda kwenye vichochoro mpaka mlangoni. Ukikiagiza mapema unalipa nauli ya mzigo mdogo na unalala zako. Ukikiagiza ushashikwa unalipa boti ya pekeyako, unalipa fundi wa usiku, unalipa vijana wapandishe madumu ngazi kwa ngazi siku mbili, na mgeni bado unamrudishia pesa zake. Kilichokufa ni sili ya mpira. Sili tu.

Yule dada hakunambia neno. Alipandisha madumu pamoja na mimi na alikuwa anajua, na mimi nilijua kwamba anajua, na hilo limeniuma kuliko pesa.

Paa la makuti sitalieleza kwa urefu, ni mambo yaleyale, Januari wakati wa kaskazi niliona jua linapenya, mafundi wapo, mvua hakuna, nikangoja mpaka masika yakatuingilia vyumbani.

Lakini ya kazini unaweza kuyalipia. Mamangu ana presha, anameza dawa kila siku, na mimi ndo nachukua dawa zake. Niliona karatasi ya mwisho imefika katikati, nikasema jioni nitapita kemisti. Siku nne nimepita mbele ya mlango uleule simu iko sikioni, kila siku nasema jioni. Jumamosi usiku akaniita kwa sauti ya chini, kichwa kinamuuma, nikamuuliza dawa umemeza, akanambia ziliisha juzi. "Sikutaka kukusumbua mwanangu, nakuona una mambo mengi."

Nilitoka na tochi ya simu nikagonga mlango wa nyumbani kwa mwenye kemisti, akaamka, akanifungulia duka, Mungu amlipe kheri. Mama alilala salama alhamdulillah. Mimi sikulala. Nilikuwa nafikiria mama na yule dada wa usafi kwa pamoja, yaani watu wawili wanonijua sana, wote wameshajifunza kuwa mimi sisikii mpaka jambo liwake. Lenye kelele nalikimbilia, la kimya linangoja, na mwenye la kimya naye anajinyamazia. Kumbe wepesi wangu wote ule ndo ulikuwa unawafunza watu waninyamazie.

Jumatano yake nilikwenda Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani, kumsalimia ami, mdogo wake marehemu baba, ana mashua. Nikamkuta ufukweni, chombo kimelala ubavu, maji yamekupwa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mamako yuaendeleaje?"

Nikamweleza. Kisha nikamuuliza chombo kimevuja nini. Akanitizama kama nimeuliza jambo geni. "Hakijavuja. Ndo maana niko nacho hapa."

Nikakaa pale mchangani nikamtizama mpaka maji yalipoanza kurudi. Ami huwa anangoja bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji yanajaa mno, hapo anakisukuma chombo juu kabisa, na yakikupwa ana masaa machache ya kukwangua, kupitisha mkono kila ungio la mbao, palipolegea anakalafati pamba iliyotiwa mafuta, kisha anapaka deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini yote. Maji yakirudi chombo kinaelea na kazi imekwisha. Hana kalenda ya ukutani wala alamu. Anajua maji yanasogea mbele kama dakika hamsini kila siku, kwahivo saa ya kazi yake wiki ijayo anaijua leo. Na si kwamba bahari inamtii, kusi likimgeukia linamgeukia kama linavomgeukia yeyote. Nilimwambia hivo hasa, nikamwambia ami lakini mengine huwezi kuyajua. Akasema, "Kule sina amri. Hapa nina amri," akagonga mbao kwa kiganja.

Kuna watu wakisikia kupanga mapema wanaona ni kama kukosa kumtegemea Mungu. Ami kila sentensi yake ina inshallah, na mkono wake muda wote uko kwenye pamba.

Sasa leo ni siku ya kumi. Nikishaswali alfajiri simu naiacha chumbani, naizunguka nyumba pekeyangu kuanzia birikani mpaka darini, nasikiliza pampu, naangalia boriti, nagusa kuta panapotoka unyevu, daftari mkononi. Inachukua nusu saa hivi. Nikishuka namuuliza yule dada swali moja tu, umeona nini. Siku ya kwanza akasema hamna kitu. Ya pili akasema hamna kitu. Ya tatu akasimama kidogo na fagio lake akanambia boriti ya chumba nambari nne inamwaga unga, na mtungi wa gesi umekuwa mwepesi, na kama naweza kumpangia likizo mapema Januari kwa sababu mwanawe anaingia shule ya bweni na anataka ampeleke mwenyewe. Yote matatu yalikuwa kifuani mwake, hata sijui tangu lini.

Bosi nilimwandikia kwamba baada ya saa nne usiku nitajibu asubuhi isipokuwa mgeni ana shida. Alikaa kimya siku nzima na tumbo lilinikata, halafu akatuma kidole gumba. Alhamisi nilivunja ahadi yangu, simu nilienda nayo nikizunguka, nikaifungua kwenye ngazi na nilipoinua kichwa jua limeshapanda na birika sijaliangalia. Ijumaa nikaanza tena. Sili za pampu nimeagiza mbili, zimefika na basi la kawaida, ziko kwenye droo, na kila nikifungua droo ile nazitizama.

Dawa za mama nimechukua za miezi miwili. Leo baada ya isha nilimpelekea chai nikamwambia mama, karatasi ikifika nusu nambie, usingoje nikuulize. Akanitizama muda kidogo.

"Kwani kesho una nafasi?"

Nikamwambia ninayo.

"Hili jicho la kushoto laona ukungu, wiki ya tatu sasa."

Tunakwenda hospitali kesho saa mbili asubuhi. Simu namwachia dada.