Capitals wakicheza nyumbani ndipo kodi yangu ya nyumba inalipika

Meza ya watu sita, bili dola 412, tipu, yaani bakshishi ya mhudumu, sifuri. Wamekula mbavu, wamekunywa raundi tatu, wamepiga soga na mimi utadhani tumekulia mtaa mmoja. Ilipofika saa moja kasoro dakika kumi mmoja akasaini risiti mbio mbio, wote wakatoka kuwahi mechi ya Capitals ukumbini jirani na mgahawa wetu. Mstari wa tipu mtupu. Labda kila mmoja alidhani mwenzake kaacha taslimu. Ninachojua mimi ni kwamba zamu ikiisha, asilimia tano ya mauzo yangu inaenda kwa watu wa baa na vijana wanaofuta meza, mteja awe ameacha kitu au hajaacha. Yaani ile meza nimewahudumia na juu yake nikatoa dola ishirini na ushee mfukoni mwangu.

Naandika nikiwa kwenye treni, Red Line, narudi Silver Spring, na miguu inawaka moto. Halafu nafungua simu nakuta mtoto wa mjomba kaandika kwenye kundi la familia: "Wewe unafanya kazi mlangoni kwa NBA, unakula bata tu." Basi leo acha niwaeleze hilo bata linavyoliwa.

Mgahawa ninaofanyia kazi uko katikati ya Washington DC, hatua chache kutoka Capital One Arena. Ni ukumbi wa ndani unaoingiza watu karibu elfu ishirini. Humo wanacheza Wizards mpira wa kikapu na Capitals mpira wa magongo wa barafuni, kila timu mechi kama 41 za nyumbani kwa msimu wa kawaida, bado matamasha na mechi za chuo cha Georgetown. Mtu yeyote aliyewahi kuuza chipsi nje ya uwanja wa Mkapa siku ya dabi anajua maana yake. Tofauti ni kwamba pale Temeke dabi ya ligi ni mara mbili kwa mwaka, hapa ni usiku mmoja baada ya mwingine kuanzia Oktoba.

Ila pesa yenyewe inakuja kwa saa, si kwa siku. Mechi ikianza saa moja usiku, saa kumi na moja jioni meza zinaanza kujaa, saa kumi na mbili hakuna pa kukanyaga. Mashine ya oda jikoni inatema karatasi bila kupumua, mpishi anatukana kwa Kihispania, na watu wote wanataka bili kwa dakika zile zile. Saa moja na robo unaweza kucheza rede katikati ya mgahawa. Tunabaki kufuta visu na kuvifunga kwenye leso, na meneja anapita akihesabu vichwa aone nani amrudishe nyumbani asilipwe saa za bure. Baada ya mechi wanarudi wachache. Capitals wakishinda watu wanataka bia. Wakifungwa wanashuka moja kwa moja stesheni ya treni ya Gallery Place, hawakuangalii hata usoni.

Na mashabiki hawafanani. Wa magongo anakula na kunywa, na kwa kawaida tipu anaacha. Tamasha la vijana, wanapanga foleni nje tangu mchana na chupa zao za maji. Onyesho la watoto, mama ataagiza sahani moja ya viazi kwa watoto wanne, halafu uokote vipande chini ya meza. Kuhusu Wizards naomba mniache. Msimu wa 2023-24 walifungwa mechi 67 kati ya 82. Mimi ambaye sijui sheria za mchezo huo vizuri nilikuwa nawaombea dua.

Lakini haki itendeke: bila ule ukumbi mtaa huu usingekuwa hivi. Zamani timu hizi zilicheza Landover, Maryland, kwenye ukumbi uliofunguliwa mwaka 1973 ukiwa umezungukwa na maegesho ya magari pande zote. Mtu alikuja na gari, akala hotidogi ndani, akaondoka na gari. Hakuna mgahawa ulioonja senti yake. Abe Pollin, aliyekuwa mmiliki wa timu, akajenga ukumbi huu mpya mjini, juu ya stesheni hiyo ya Gallery Place ambapo njia tatu za treni zinakutana, ukafunguliwa Desemba 1997. Hapo ndipo siri ilipo. Shabiki anatoka chini ya ardhi akiwa na njaa, ana saa nzima ya kupoteza, na lazima apite mbele ya milango yetu kwa miguu. Ndani bia inauzwa bei ambayo ukiigeuza shilingi unakunywa na rafiki zako wawili pale Keko mpaka baa ifungwe, kwa hiyo mwenye akili anashibia nje.

Hata hivyo wenye migahawa wasituambie kila kitu kimeletwa na uwanja. Jaleo ya José Andrés, ile ya vyakula vya Kihispania, ilifunguliwa Mtaa wa 7 mwaka 1993, miaka minne kabla ya ukumbi. Na wachumi wamelisema jambo hili miaka mingi: dola aliyokula shabiki kwetu, mara nyingi ni dola ambayo angekula mtaani kwake Bethesda au Arlington, nje ya jiji. Jiji linachekelea kwa sababu kodi ya chakula cha mgahawani hapa ni asilimia 10. Huko Bethesda kuna mhudumu mwenzangu anafuta meza tupu.

Halafu kuna Wachina. Mtaa huu ndio Chinatown, lango lao kubwa la rangi lilijengwa 1986 na bado linang'aa juu ya Mtaa wa H. Ukiuliza Wachina wako wapi, wengi waliobaki ni wazee wa Wah Luck House, jengo la nyumba za bei nafuu pale kona. Uwanja ulipokuja kodi za pango zikapanda, migahawa yao ikafungwa mmoja mmoja, yakaja maduka ya kampuni kubwa yenye vibao vya herufi za Kichina. Pembeni ya duka la kahawa la Kimarekani unasoma Kichina.

Desemba 2023 tulipata hofu ya kweli. Ted Leonsis, mmiliki wa sasa wa timu, alisimama na gavana wa Virginia wakatangaza timu zote mbili zinahamia Alexandria, ng'ambo ya mto. Siku ile jikoni hakuna aliyewasha redio. Bosi wetu, ambaye hajui hata majina yetu ya ukoo, akatuita akatuambia tuwe na subira. Machi 2024 mpango ukafa, jiji likakubali kutoa dola milioni 515 za kukarabati ukumbi, na timu zikasaini kubaki mpaka 2050. Tulipiga makofi kama waliofunga bao.

Nyie mnaosaka viza mkija kufanya kazi hizi, msiulize mshahara tu. Hapa DC kima cha chini cha mhudumu anayepokea tipu kilikuwa dola 5.35 kwa saa mpaka 2023. Wapiga kura walipitisha 2022 kipandishwe kidogo kidogo, Julai 2024 kikafika 10 wakati kazi nyingine zimeshapita 17, halafu 2025 baraza la jiji likakisimamisha kwa muda. Hapo katikati baadhi ya migahawa ikaanza kuweka ada ya huduma kwenye bili. Sasa mteja wa kutoka mbali akiona bili yoyote anadhani tipu imo. Ulizeni mgao wa tipu unakatwa kwenye mauzo au kwenye tipu. Ulizeni Julai na Agosti kunakuwaje, maana timu hazichezi, na joto la hapa halina tofauti na la Dar. Mtu akipanga nyumba kwa hesabu ya tipu za Machi, Agosti atanipigia simu mimi, na mimi nitakuwa naikata.

Na hao wanaosema uwanja unanufaisha migahawa, waseme pia nani ndani ya mgahawa. Haukupita muda baada ya mkataba kusainiwa, mwenye jengo letu akaleta barua ya kupandisha kodi ya pango, kwa kuwa sasa ana hakika mashabiki hawaendi popote. Bosi akaongeza dola nne kwenye mbavu na akaondoa mtu mmoja kwenye zamu. Meza nilizokuwa nahudumia tano sasa ni saba, na kesho Capitals wako nyumbani tena.