Kilwa Kisiwani: Nilitarajia Misingi, Nikakuta Paa

Kila aliyesoma historia ya Afrika Mashariki shuleni anaijua Kilwa kwa jina. Imo kwenye ile orodha ya miji ya pwani: Mogadishu, Malindi, Mombasa, Kilwa, Sofala. Dhahabu ilipita pale, Wareno wakaja mwaka 1505, basi, mwalimu anafungua sura nyingine. Kwa hiyo nilipopanda basi la kusini kutoka Dar es Salaam sikuwa na matumaini makubwa. Nilitegemea kuta za kimo cha goti, ubao wa maelezo uliofifia kwa jua, na bahari nzuri ya kunifariji.

Njia yenyewe haina mengi. Unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, mikorosho inaanza kutawala pande zote mbili, unafika Nangurukuru, kisha gari linakata kushoto hadi Kilwa Masoko. Masoko iko bara. Kisiwani ni ng'ambo. Kibali unakichukua kwenye ofisi ya serikali hapo mjini, unapewa mtu wa kukuongoza, mnashuka bandarini. Tulivuka kwa mashua ya tanga, na upepo ulikuwa wetu.

Kinachoonekana kwanza ukiwa majini ni Gereza, ngome iliyokaa ufukweni kabisa. Wareno ndio walioanza kujenga ngome mahali hapo. Hii iliyosimama leo ni kazi ya zama za Waomani, na upande wake wa baharini umeshaliwa na mawimbi. Nilipoiona nikadhani ndiyo kilele cha safari. Mzee aliyetuongoza, mzaliwa wa kisiwa hicho, hakukaa hapo sana. Nilikuwa bado napiga picha mlangoni akaniita: "Twende binti yangu, huu ni ujana. Wazee wako huko juu."

Wazee aliowasema ni Msikiti Mkuu. Unaufikia kwa njia nyembamba katikati ya makazi, kwa sababu kisiwa hiki kina wenyewe: nyumba za udongo, watoto wanaokimbia, mbuzi kivulini. Halafu miti inaachia nafasi, na unajikuta mbele ya jengo ambalo sehemu yake ya kaskazini ilianza karne ya 11. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua upande wa kusini mara kadhaa ya ukubwa wake wa mwanzo. Baadaye sehemu hiyo ikaanguka, ikajengwa tena karne ya 15. Niliingia nikiangalia chini, nisije nikajikwaa. Mzee akanigusa bega, akaelekeza kidole juu.

Paa lipo. Si lote, maana sehemu ya zamani ya kaskazini iko wazi kwa mbingu, lakini upande wa kusini kuba bado zimesimama juu ya matao, safu kwa safu, na nguzo za pembe nane zinapokezana mpaka macho yanapotea. Mwanga unaingia kwa vipande kutoka pembeni. Nje jua lilikuwa kali, ndani kulikuwa na ubaridi. Nilisimama chini ya kazi ya mafundi waliokufa miaka mia sita iliyopita, na bado ilikuwa ikinikinga jua.

Nilimuuliza mzee maswali mengi kuhusu ujenzi, na hapo ndipo heshima yangu ilipozidi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yameshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni. Kwa kazi ya urembo, kama mihrabu na fremu za milango, walichukua matumbawe ya baharini. Yakitoka majini ni laini, unaweza kuyachonga utakavyo. Yakikauka yanakuwa magumu. Na kwa nini vyumba vingi vya majengo ya pwani ni vyembamba? Kwa sababu dari za kawaida zililazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Chumba hakiwezi kupanuka zaidi ya mti. Fundi akitaka nafasi kubwa lazima apandishe nguzo au apinde jiwe. Kilwa walifanya yote mawili. Toka siku ile kila nyumba ya kale ya pwani naitazama kwa kipimo cha boriti.

Pembeni mwa msikiti kuna mahali pa udhu: kisima, birika, na mawe ya duara ya kusugulia miguu. Nimeyagusa. Yamelainika.

Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, na kwangu huu ndio johari ya kisiwa. Umesimama karibu mzima. Ndani umegawanyika katika sehemu tisa, kila moja na kichwa chake cha kuba au tao, na juu ya kuba ya katikati imesimama nguzo inayoelekea mawinguni. Dari lilipambwa kwa mabakuli ya kauri, yaliyopachikwa chokaa ikiwa mbichi. Mengi yamekwisha kung'oka na kuacha mashimo ya duara.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya jabali linaloikabili bahari. Ni jumba la Sultani al-Hasan yuleyule: vyumba zaidi ya mia moja, ua wenye ngazi za kukalia, maghala ya biashara upande wa kusini, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Paa zake zimeporomoka, hivyo hapa inabidi akili ifanye kazi zaidi kuliko macho. Wengi huisifu kuliko msikiti. Mimi sikubaliani nao, ingawa lile bwawa lilinifanya nikae chini. Kila tone la maji lilipandishwa huko juu kwa nguvu za watu.

Huyu ndiye sultani aliyekuwepo Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika mwaka 1331, akaandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa, na kwamba mtawala wake alijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sarafu ya shaba yenye jina lake imeokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ulio bara, nchini Zimbabwe. Sarafu nyingine za Kilwa zilipatikana mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hayo yote yalistahili zaidi ya mistari michache darasani.

UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakatolewa mwaka 2014. Ukiona jinsi bahari inavyoimega Gereza, utaelewa kwamba kazi hiyo haina likizo.

Ukienda, Songo Mnara ipe siku yake. Iko kusini zaidi, na anayepanga ratiba ni maji: yakipwa utashuka mbali na kupita kwenye matope ya mikoko kabla ya kukanyaga nchi kavu. Vaa viatu vya kulowana, beba maji ya kunywa ya kutosha, na umwambie nahodha mapema kwamba hutaki kuharakishwa. Fremu za milango za huko, zilizochongwa kwa yale matumbawe laini, zinataka kutazamwa karibu, moja baada ya nyingine.