Alda wa Kinamasini, Ndugu wa Kazi wa Mvinje

Anayetembea katika machimbo ya zamani ya Bamburi, Mombasa, ambayo leo ni Haller Park, hupita chini ya mivinje ambayo René Haller alianza kuipanda mwaka 1971 juu ya mawe ya matumbawe yasiyokuwa na udongo. Mizizi ya mvinje huwa na vinundu vilivyosongamana, na humo huishi bakteria waitwao Frankia, ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Nimeanza na mvinje kwa sababu mti ninaotaka kuueleza, ambao hauoti kwetu, unaishi kwa ushirika huo huo.

Ni mti mdogo wa Marekani wenye mashina mengi, mmoja wa jamii ya miti iitwayo alda, kitaalamu Alnus maritima. Huota kiasili katika sehemu tatu tu zilizo mbalimbali mno: rasi ya Delmarva, katika majimbo ya Delaware na Maryland, kusini mwa Oklahoma, takriban kilomita 2,000 kutoka huko, na kinamasi kimoja cha kaskazini-magharibi mwa Georgia, ambako ulitambuliwa mwaka 1997. Alda wengine wa asili ya Marekani huchanua kabla ya majani kutoka au yanapotoka, lakini huu huchanua Agosti na Septemba, majani yakiwa bado mabichi. Vikoni vyake vidogo vigumu vya mbegu, ambavyo mtu wa pwani angevidhania vya mvinje, hukomaa mwaka unaofuata.

Kinachonishangaza ni sababu ya uhaba wake. Ungetarajia kwamba hauwezi kuishi mbali na maji, lakini sivyo: ukipandwa bustanini penye udongo mkavu hustawi, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kilichagua aina ya bustani iitwayo “September Sun”. Adui wake ni kivuli. Miche yake haivumilii kufunikwa na miti mirefu, basi umebaki kwenye kingo za mito na vinamasi, pale ambapo miti hiyo hushindwa kusimama. Kinamasi kikikaushwa, miti mirefu huingia na kuusonga, hata kama udongo wenyewe bado unaufaa.

Kwa hiyo sikubaliani na anayeuona umeokoka kwa kuwa unauzwa vitaluni. “September Sun” ni wa uzao wa Oklahoma, ilhali mwaka 2002 wataalamu waliyatenga makundi yale matatu kuwa nususpishi tofauti, yaani matawi tofauti ndani ya spishi moja, na kitalu kilichojaa mti wa Oklahoma hakiwezi kuziba pengo la ule wa Georgia.