Melini nalipa taslimu, na sababu ninazo

Kila nilichokunywa na kununua ndani ya meli ya kitalii nilikilipia kwa noti, na Mungu akinijalia kupanda tena nitalipa hivyo hivyo. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kampala, nikiitaja tu ile safari yetu ya Ghuba, kuna mtu ataruka kuniambia kwamba meli zile hazipokei pesa mkononi, ni kadi tupu. Nusu ya habari hiyo ni ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya watu wetu wengi waende na kadi ambayo haiwafai.

Ukweli ni huu. Hakuna mhudumu wa baa wala muuza duka wa melini atakayepokea noti yako. Siku ya kupanda unapewa kadi ya meli. Ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo kitambulisho cha kushuka na kupanda bandarini, na ndiyo unayoigusisha kwenye mashine ukitaka kahawa au maji ya chupa. Kila ukigusisha, deni linaandikwa kwenye hesabu ya chumba chako. Lakini hesabu hiyo lazima isimame juu ya kitu, na hapo kampuni nyingi zinakupa njia mbili: uandikishe kadi ya benki, au uende mapokezi uweke amana ya taslimu. Hiyo njia ya pili hawaipigii debe. Lazima uiulizie.

Mimi ni mzaliwa wa Arua, nauza abaya na mitandio kwenye akedi moja, jengo la maduka mengi, katikati ya Kampala, na Dubai naijua kwa sababu ya mzigo. Safari hii dada yangu mkubwa alisema tusirudi moja kwa moja, tukae baharini kidogo tupumzike kama watu wengine. Meli hizo huanzia Dubai wakati wa majira ya baridi, joto la Ghuba likishapungua, na nyingine hufunga gati pale Port Rashid, karibu na ile meli kongwe ya QE2 ambayo tangu 2018 ni hoteli. (Ukiwa na pasipoti ya Uganda, hakikisha viza yako ya Falme za Kiarabu ni ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli inatoka nje ya nchi na kurudi.)

Dada aliandikisha kadi, mimi nikaweka dola 200 kwenye dirisha la mapokezi, nikapewa risiti. Usiondoke pale bila risiti, hata foleni ya nyuma yako ikianza kuguna.

Kadi ya dada ni ya ATM, kama zetu wengi. Si kadi ya mkopo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Mwenye kadi ya mkopo anatumia pesa za benki na kulipa baadaye. Meli ikiiomba benki yake izuie kiasi fulani kama dhamana, kinachopungua ni kiwango anachoruhusiwa kukopa, na chakula cha nyumbani kwake hakiguswi. Mwenye kadi ya ATM anazuiliwa pesa zake mwenyewe, zile za karo na za mzigo. Meli inazuia mwanzoni, halafu inaweza kuzuia tena kadiri matumizi yanavyopanda. Mwisho wa safari bili kamili inakatwa kama malipo mapya, na kile kilichozuiwa mwanzo hakiachiwi siku hiyo. Kinasubiri benki ikiachie, na inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Kwa muda huo akaunti inaonekana kama imelipa mara mbili.

Aliyetufafanulia haya vizuri alikuwa kijana wa Kwale, Pwani ya Kenya, aliyekuwa akitandika vyumba vya upande wetu. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili alisimama mlangoni na mataulo mkononi, akasema, "Shikamooni mama zangu, mmetoka wapi?" Nilifurahi kama nimekutana na mtoto wa ndugu yangu. Dada akamwonyesha ujumbe wa benki kwenye simu, umeandikwa kiasi ambacho hatujakitumia. Akasema, "Mama, hawajazila, wamezifungia tu. Lakini ukienda kwenye ATM huko nje utaambiwa huna." Na ndivyo ilivyokuwa.

Kuna na suala la kubadilisha sarafu. Akaunti ya dada iko kwa shilingi na bili ya meli yetu ilikuwa kwa dola. Kila malipo yanapita kwenye kiwango cha benki na ada juu yake, na kiwango hicho hukioni mpaka pesa zimeshatoka. Mimi dola zangu nilizinunua Kampala Road, nikazunguka maduka ya kubadilisha fedha mpaka nikapata bei iliyonifaa, nikajua kabla ya kupanda ndege kila dola imenigharimu shilingi ngapi. Kwa mtu wa biashara hiyo ni raha kubwa. Ukinunua, dai noti za mia na za hamsini zilizo mpya, zile za mia zenye utepe wa buluu zilizoanza kutoka 2013. Kampala noti za zamani zinapunguzwa bei au zinakataliwa kabisa, na huko uendako hujui utakutana na keshia wa namna gani. Chukua na noti ndogo ndogo za tano na za kumi.

Najua kuna watakaosema kutembea na noti ni hatari. Chumbani mna kasiki, unaweka namba yako mwenyewe. Nami sikubeba gunia la pesa. Ikiwa wewe unabeba nyingi, ujue sheria: Uganda inakutaka utangaze ukivuka mpaka na zaidi ya shilingi milioni 30, na Falme za Kiarabu zinataka utangaze zaidi ya dirhamu 60,000. Matumizi ya melini ya mtu wa kawaida hayakaribii huko.

Faida niliyoipenda kuliko zote ni kwamba amana ina mwisho. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kahawa, mashine ikakataa kadi yangu ya meli. Nikaenda mapokezi, wakanichapia orodha ya kila kitu. Nikaisoma mstari kwa mstari pale pale, nikaona maji, kahawa, picha moja tuliyopigwa na dada, na ile ada ya huduma inayoongezwa kwenye vinywaji, ambayo kwenye kampuni nyingi kubwa huwa asilimia 18 au 20. Nikaongeza dola 100 kwa hiari yangu, nikijua naziongeza kwa nini. Mwenye kadi hasimamishwi hivyo akahesabu. Yeye hugusisha tu mpaka siku ya mwisho. Ukiwa na watoto ndiyo zaidi: omba mapokezi wazuie kadi zao zisinunue chochote, maana mtoto akishajua kadi inatoa soda hatasubiri ruhusa yako.

Sasa bakshishi. Meli nyingi huongeza kila siku kiasi cha bakshishi kwa kila abiria, chenyewe, bila kukuuliza. Kampuni kubwa za Marekani siku hizi ziko kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku kwenye chumba cha kawaida. Mwenye amana ya taslimu lazima aihesabu tangu mwanzo, la sivyo atashangaa pesa zinayeyuka hata akiwa amelala. Wapo wanaokwenda mapokezi kuomba iondolewe, na kampuni nyingine zinakubali. Mimi nasema usifanye hivyo. Wale wanaofua mashuka na kuosha sahani huko chini huwaoni, na fungu lao limo humo. Watoto wa watu, kutoka Ufilipino, India, Indonesia na kwetu Afrika Mashariki, wanakaa miezi mingi bila kuona nyumbani. Iache ile ya bili, na ukitaka kumshukuru mtu kwa jina lake, mpe noti mkononi. Kijana wetu wa Kwale tulimpa ndani ya bahasha, na dada akamwombea dua pale pale kwenye ujia.

Muscat, mji mkuu wa Oman, ndipo taslimu ilipotuletea raha nyingine. Meli inafunga gati upande wa Mutrah, na soko liko umbali wa kutembea kwa miguu. Mzee mmoja muuza ubani alitusikia, akatujibu kwa Kiswahili cha Unguja, kwa kuwa Oman wamejaa watu ambao wazee wao waliishi Zanzibar. Tulipatana bei kwa Kiswahili, kwa adabu zote. Riyali ya Oman ni nzito, moja inapita dola mbili na nusu, kwa hiyo bei ikionekana ndogo usikurupuke, izidishe kwanza.

Taslimu ina pengo lake, nalo nalisema wazi. Vitu vya kununua kabla ya safari, kama intaneti au matembezi ya nchi kavu, mara nyingi ni rahisi zaidi ukivilipia mapema kwenye tovuti, na hapo kadi ndiyo inayotakiwa. La pili ni zito zaidi: hospitali ya meli. Ukiugua, daktari anakutibu na gharama inaandikwa kwenye hesabu ile ile ya chumba. Kumwona tu kunaweza kupita dola 100, kabla ya dawa. Bima ya safari kwa kawaida hurudisha baadaye, baada ya wewe kulipa na kuleta risiti. Kwa hiyo weka akiba ya dola mia kadhaa ndani ya kasiki ambayo hutaigusa kwa kahawa wala kwa picha. Mimi ya kwangu niliifungia humo, namba ya kasiki nikampa dada.

Na kabla hujaweka amana, uliza watakurudishiaje salio. Kampuni nyingine hurudisha taslimu dirishani, nyingine hukutumia hundi. Hundi ya dola kutoka ng'ambo ukiileta benki Kampala itakaa wiki na wiki, na ada itakula sehemu yake. Ukiambiwa hundi, weka amana ndogo ndogo na kuongeza kila inapokwisha.

Usiku wa mwisho, baada ya chakula, nilishuka mapokezi kabla ya ile foleni ya asubuhi ambayo watu huifanya na masanduku mkononi. Nikarudishiwa dola 43, noti na sarafu, na karatasi ya bili iliyofungwa. Kesho yake kabla ya adhuhuri tulikuwa Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, mimi nikilipia abaya kwa pesa zangu, na dada nikimkopesha dirhamu za chakula, kwa kuwa benki yake ilikuwa bado inasema subiri.