Visiki vya muhugu chini ya kijani cha ramani

Ramani yangu ya kwanza ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ilinikosesha usingizi. Katikati ya msitu ulitokea ukanda mrefu wa njano, rangi niliyoiweka kwa mashamba. Mimi nimezaliwa Gede, jirani na msitu huo. Najua mle hakuna anayelima.

Picha nilizitumia za Sentinel-2, setilaiti zinazopita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi na picha zake hutolewa bure. Pikseli moja, yaani mraba mmoja mdogo wa picha, ni mita 10 kwa 10. Programu haijui mti ni nini. Inasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye mraba huo wote, ukiwemo ule usioonekana kwa macho, kisha inaulinganisha na mifano niliyoipa.

Nikachukua GPS nikaingia msituni na mzee mmoja anayeongoza watazamaji wa ndege. Tulipofika kwenye ukanda wangu wa njano aliinama, akachota mchanga, akanimiminia kiganjani. Mweupe kama chumvi.

"Hapa ni mrihi, mwanangu. Miti imeachana, jua linafika chini."

Kumbe setilaiti ilikuwa imesoma mchanga ule pamoja na majani. (Mikorosho ya nje ya msitu nayo ilikuwa imenidanganya kinyume chake: programu iliiita msitu.)

Tulipozidi kwenda magharibi, mchanga uligeuka mwekundu na mrihi ukakoma. Hapo inaanza Cynometra, miti mifupi iliyosongamana. Ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege asiyefika hata sentimita 20. Ndege mwingine, chozi wa Amani, yeye hupenda kule kwenye mrihi. Kwa hiyo ukikosea mti umekosea na ndege, na katika msitu wa kilomita za mraba 420 tu, kosa kama hilo si dogo.

Lakini kilichoniumiza kilikuwa ndani ya mraba ambao ramani yangu iliupatia sawasawa: Cynometra, kijani kizito. Mzee alisogeza majani kwa fimbo. Kisiki cha muhugu, kimekatwa karibu na ardhi, na ile harufu yake tamu bado ipo. Muhugu hutakiwa na wachonga vinyago, nao hukua polepole mno. Unakatwa mmoja mmoja, matawi ya jirani yanaziba pengo, na kutoka juu hakuna kilichobadilika. Hatua chache mbele, mtego wa waya ulikuwa umefungwa kwenye njia ya sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya dhahabu. Mzee aliufungua akautia mfukoni bila kusema neno.

Tangu siku hiyo ramani yangu ina tabaka jingine, la nukta nyeusi ninazoziandika kwa mkono tukitembea: visiki na mitego. Jumamosi tunarudi upande wa mchanga mwekundu. Mzee anasema usiku amesikia msumeno.